Sura ya Nne: Ukuta na Tope

Mvua ya Kisii haihitaji kutangazwa redioni. Nyanda za juu za Gusii, kuanzia vilima vya Kiabonyoru upande wa Nyamira hadi Tabaka kunakochongwa mawe ya sabuni, hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na ni nadra mwezi kupita bila mawingu ya alasiri kujikusanya na kumwaga. Migomba haikauki, na chai huchumwa mwaka mzima. Hata hivyo mjini Kisii mkokoteni uliojaa mitungi ya maji ni jambo la kawaida mtaani, na mwenye nyumba ya kupangisha humtajia mpangaji habari za tangi kabla ya kumfungulia mlango wa chumba.

Mgeni hulishangaa jambo hili kuliko mwenyeji. Mwenyeji anajua kwamba mvua ikishanyesha haikai. Milima ni mikali, mabonde ni membamba, na maji yaliyoanguka Keroka saa tisa alasiri yamekwisha kuteremka bondeni kabla ya giza kuingia. Mji hunywa kutoka Mto Gucha, ambao Wajaluo walioko chini huuita Kuja. Pale Kegati maji huvutwa mtoni, husafishwa, kisha hupandishwa kwa pampu hadi mjini. Mto ukijaa, maji huja mazito kwa tope. Ukipungua Januari, kinachovutwa hupungua nao. Kinachokosekana kati ya misimu hiyo miwili ni mahali pa kuyaweka maji ya Aprili yakasubiri Januari, yaani bwawa.

Kenya ilianza kujenga mabwawa ya kunywesha miji miaka mingi iliyopita, na ukitaka kujua bwawa la Gusii lingejengwaje, au lingeharibikaje, mwalimu wa kwanza yuko Kinangop Kusini, kaunti ya Nyandarua. Anaitwa Sasumua.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli kando ya kijito. Kijito hakikutosha, wala hakikubaki safi kwa muda mrefu. Wakuu wa mji wakageukia chemchemi za Kikuyu, ambazo zilihudumia mji mdogo wa mabati na vumbi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia likaongezwa bwawa la Ruiru, lenye uwezo wa chini kidogo ya mita za ujazo milioni 3. Lakini mji ulikuwa ukikua kuliko mahesabu. Ikabidi kutazama mbali zaidi, kwenye miteremko ya Nyandarua, ambako Mto Sasumua ulikuwa ukishuka kutoka msituni ukiwa baridi na safi. Kazi ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kumalizika mwaka 1956. Tarehe hizo zina uzito wake: Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na msitu uliokuwa juu ya eneo la ujenzi ulikuwa ndio maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Katikati ya vita hivyo, watu walikuwa wakichimba udongo na kuushindilia, tabaka juu ya tabaka, ili mji mkuu wa koloni upate maji.

Nausisitiza udongo kwa sababu Sasumua si ukuta wa zege. Ni tuta. Mhandisi huchagua tuta pale ambapo msingi si mwamba mgumu wa kubeba zege, au pale ambapo saruji na kokoto ni ghali kuzifikisha huku udongo ukiwa upo tele. Kinangop ilikuwa na udongo mwekundu wa mfinyanzi uliotokana na majivu na lava za volkano zilizooza kwa maelfu ya miaka. Ulikuwepo palepale, bila gharama ya kuusafirisha mbali.

Shida ilikuwa kwamba udongo huo ulifeli mitihani.

Katika maabara, udongo wa kujengea bwawa hupimwa mambo kadhaa: una chembe laini kiasi gani, unabeba unyevu kiasi gani kabla ya kugeuka uji, unashikamana vipi ukishindiliwa, na ukishindiliwa unakuwa mzito kiasi gani kwa ujazo wake. Kanuni zilizotumika zilikuwa zimeandikwa na watu waliozoea mfinyanzi wa Ulaya na Marekani. Kwa kanuni hizo, udongo wenye chembe laini nyingi namna ile, unaoshika maji karibu nusu ya uzito wake mkavu na bado ukabaki mwepesi hata baada ya kushindiliwa, ni udongo wa kukataliwa. Ungetarajiwa kuwa dhaifu, kuteleza, kumomonyoka. Mhandisi mwangalifu angefunga daftari na kutafuta mahali pengine.

Aliyeitwa kutoa ushauri ni Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague aliyefundisha Harvard, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1925 ndicho kilichoifanya mekanika ya udongo kuwa taaluma inayosimama yenyewe. Kama kulikuwa na mtu duniani mwenye haki ya kuutetea mtihani, ni yeye, kwa kuwa taaluma iliyoitumia mitihani hiyo ilisimama juu ya kazi yake. Badala yake aliuchunguza mtihani wenyewe. Makala yake juu ya Sasumua ilichapishwa London mwaka 1958 na Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi, na hadi leo wanaosomea udongo wa nchi za joto huirudia.

Alichokieleza ni hiki. Madini makuu ya mfinyanzi wa Sasumua ni haloisaiti, ambayo chembe zake hazikai mojamoja. Hujikusanya katika vifundo vidogo vilivyoshikamana kwa nguvu, vyenye vijitundu ndani yake, na maji mengi tunayoyapima yamo ndani ya vijitundu hivyo, hayako kati ya kifundo na kifundo. Fikiria gunia la wimbi na gunia la unga wa wimbi. Ukimwagia maji unga utapata ute unaoteleza mikononi, lakini nafaka nzima, hata ikilowa chepechepe, bado punje zake husuguana na kukataa kuteleza. Maabara iliupima udongo wa Sasumua kana kwamba ni unga, ilhali kwenye tuta ulikuwa ukifanya kazi kama punje. Ndiyo maana nguvu yake ya kuhimili mteremko ilikuwa kubwa kuliko mfinyanzi wa kawaida, na wakati huohuo uliyazuia maji yasipite.

Kuna jambo la pili, dogo kwa sura lakini lenye madhara makubwa, na fundi yeyote anayepeleka sampuli maabara anapaswa kulijua. Haloisaiti ina maji yaliyokaa katikati ya matabaka yake membamba sana. Ikikaushwa, maji hayo hutoka na hayarudi tena hata ukiilowesha kutwa kucha. Desturi ya maabara ni kukausha udongo ndani ya joko kwa nyuzi zaidi ya 100 kabla ya kuupima. Kwa mfinyanzi mwingi hilo halina neno. Kwa udongo huu, kinachoingia jokoni na kinachotoka ni udongo wa aina mbili tofauti. Sampuli ileile itakupa majibu mawili kutegemea kama ilipimwa mbichi au mkavu, na msimamizi asiyejua hilo anaweza kumlaumu mkandarasi kwa kosa la joko.

Kisiwani Java walikuwa wamekwisha kuliona jambo linalofanana na hili. Huko Indonesia, bwawa la Tjipanundjang lilijengwa miaka ya 1920 kwa udongo wa volkano uliokuwa mwepesi na wenye maji kuliko hata wa Sasumua, na likasimama. Waliojenga hawakuwa na nadharia ya kutosha, walikuwa na ujasiri na mvua nyingi. Sasumua ndipo ujasiri ulipopata maelezo.

Huu ndio urithi wa kihandisi ambao nadhani hatujauthamini ipasavyo. Tunapotembelea mabwawa ya zamani tunaonyeshwa mnara wa kuchukulia maji, vali za chuma cha kusubu, kibao chenye jina la aliyefungua. Kitu kikubwa kilichogunduliwa pale hakionekani kwa macho: kwamba ardhi ya Afrika Mashariki ina tabia zake, na kwamba kipimo kikikataa kitu kinachofanya kazi, kipimo nacho kiulizwe. Kumbukumbu imebaki na jina la Terzaghi. Vibarua walioushindilia udongo ule mwekundu, na waliojua kwa mguu ni lini umelowa kupita kiasi, wengi wao hatuwajui hata kwa jina.

Tuta liliinuliwa katika miaka ya 1960 na hifadhi ikaongezeka hadi karibu mita za ujazo milioni 16, huku maji ya mito jirani ya Chania na Kiburu yakielekezwa humo. Mwaka 1994 bwawa la Ndakaini, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, lilichukua nafasi ya kwanza, na Sasumua likawa mzee anayeheshimiwa. Mzee huyo alijeruhiwa Mei 2003, mvua kubwa zilipobomoa mfereji wa kumwagia maji ya ziada. Angalia kilichovunjika: tuta la udongo lililotiliwa shaka lilibaki, njia ya kupitishia mafuriko ndiyo iliyoshindwa. Tuta la udongo linaweza kuvumilia mengi lakini si maji kulipita kwa juu, kwa hiyo mfereji huo ndio uhai wake. Ukitaka kujua kinachotokea bwawa la udongo linapofunguka, kumbuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 kule Solai, Nakuru, bwawa la shamba la watu binafsi lilipopasuka na kuua zaidi ya watu 40. Kila mkutano wa hadhara kuhusu bwawa jipya nchini hufanyika chini ya kivuli cha usiku ule, na ni haki.

Sasa turudi Gusii.

Udongo mwekundu wa kina kirefu uliotapakaa Kisii na Nyamira ni wa ukoo uleule mpana. Wataalamu huuita nitisoli, na mfinyanzi wake huwa hasa kaolini na haloisaiti, ukiwa umeshikamanishwa na oksidi za chuma zinazoupa wekundu wake. Uvunje bonge lake mkononi, utagawanyika katika vipande vidogo vyenye kona na ngozi inayong'aa. Hupitisha maji vizuri, huruhusu mizizi kushuka, na ndio uliowawezesha watu zaidi ya milioni 1.8 wa kaunti hizi mbili, kwa hesabu ya sensa ya 2019, kuishi juu ya mashamba yanayopungua ukubwa kila kizazi. Miamba iliyouzaa ni ya zamani kuliko lava za Nyandarua, na majivu ya volkano yaliyopeperushwa baadaye yamechanganyika nao mahali pengi. Kwa hiyo udugu upo, lakini udugu si cheti. Udongo wa kila bonde sharti upimwe wenyewe, na upimwe ukiwa mbichi.

Bonde linalozungumziwa kwa miaka mingi ni la Bonyunyu, juu ya Mto Gucha upande wa Nyamira. Mpango ni bwawa litakaloyashika maji ya mto kabla hayajakimbia, na kuzihudumia Kisii, Nyamira, Keroka na miji midogo ya jirani. Mazungumzo yake hayajahusu sana ukuta. Yamehusu ardhi: nani atahama, fidia itakokotolewa vipi, makaburi ya wazee yatafanywaje. Mtu wa nje anaweza kuona huo ni ukaidi. Kisii kuna watu wanaokaribia 960 kwa kila kilomita ya mraba. Mwenye nusu ekari akiambiwa ahamie kwingine, kwingine huko ni wapi? Sasumua ilijengwa chini ya serikali ya kikoloni ambayo haikulazimika kumbembeleza mwananchi. Hilo nalo ni sehemu ya urithi wake, na si sehemu ya kuigwa.

Lakini hata kama ardhi ingepatikana kesho, liko somo jingine, na limekaa kwenye mto huohuo, mteremko wa chini. Ukiufuata Gucha ukipita Ogembo na kuingia Migori, ambako sasa ni Kuja, utafika maporomoko ya Gogo. Hapo lilijengwa bwawa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya umeme wa migodi ya Macalder, iliyokuwa ikichimba shaba na dhahabu. Kituo cha megawati 2 bado kipo mikononi mwa kampuni ya umeme ya KenGen, ingawa mgodi ulifungwa zamani. Halikuwa bwawa la kunywesha mji, na kwa ukubwa halifiki mbali. Lakini ndilo bwawa la kizazi cha Sasumua lililowekwa kwenye njia ya maji ya Gusii, na matokeo yake yanasomeka wazi: limejaa mchanga na tope. Nafasi iliyokusudiwa maji imekaliwa na mashamba ya juu.

Hapa udongo mwekundu unaonyesha sura yake ya pili. Vile vifundo vinavyoupa tuta nguvu huufanya pia usimomonyoke kwa urahisi ukiwa mahali pake, umefunikwa na majani na kushikwa na mizizi. Ukiachwa wazi kwenye mteremko mkali, ukalimwa kutoka juu kwenda chini na kupigwa na mvua ya mawe ya alasiri, huteremka ukiwa vifundo vizima, na vifundo vizito hutua upesi pindi maji yanapotulia. Maji hutulia wapi? Ndani ya bwawa. Udongo uleule uliofaa kuzuia maji ndio unaokuja kuichukua nafasi yao.

Wahandisi wa miaka ya 1950 waliimaliza nusu moja ya kazi kwa ustadi mkubwa. Waliujua udongo uliomo ukutani. Ule wa kilimani waliuachia msitu, na kwa muda msitu uliutunza. Kadiri mashamba ya viazi na kabichi yalivyosogea kwenye vyanzo vya Sasumua, tope likaongezeka, na gharama ya kusafisha maji nayo. Watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF waliokwenda huko kati ya mwisho wa miaka ya 2000 na mwanzo wa muongo uliofuata hawakupendekeza mitambo. Walipendekeza mistari ya nyasi, matuta yanayofuata kontua na mifereji iliyooteshwa majani, pamoja na njia ya watumiaji wa maji kuwalipa wakulima wanaofanya kazi hiyo. Mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, wenye wazo lilelile: mji uchangie kilima.

Gusii ina faida ambayo Kinangop haikuwa nayo. Chai. Shamba la chai lililofunga vizuri huwa ni paa juu ya udongo, na sehemu kubwa ya Nyamira imefunikwa na paa hilo, kuanzia Nyansiongo hadi Kebirigo. Penye shida ni vipande vya mahindi vilivyobanwa kati ya chai na mto, kingo za vijito zilizopandwa mikaratusi, na mabonde yenye unyevu yanayochimbwa udongo wa matofali. Kuhusu mikaratusi serikali ilikwisha kusema: mwaka 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo na kingo za maji. Ilipunguzwa mahali, ikabaki mahali, kwa sababu nguzo na kuni ni fedha za haraka, na anayeambiwa ang'oe hajaambiwa atauza nini badala yake. Sina haraka ya kumlaumu. Matofali ni hivyohivyo. Kijana anayechimba bondeni anajua bei ya tofali moja, na hakuna aliyewahi kumtajia bei ya bonde likiachwa.

Gharama ya kilima tayari inalipwa, isipokuwa hulipwa mlango mwingine. Mto unaofika kwenye mtambo ukiwa mwekundu huhitaji shabu zaidi ili tope lijikusanye na kutua, vichujio huoshwa mara nyingi zaidi, na maji ya kuoshea vichujio ni maji yasiyouzwa. Pampu husagwa na mchanga. Mteja wa mjini hulipa yote hayo katika bili yake au katika mgao unaokatika, na mkulima hulipa upande wake kwa mbolea ya kurudisha alichopoteza.

Ndiyo maana ningependa makadirio ya bwawa lolote la Gucha yasomwe kuanzia kurasa za mwisho. Ukuta, mfereji wa mafuriko, mabomba na mitambo huja mwanzo na huandikwa kwa tarakimu kubwa. Kilima huja mwisho, chini ya kichwa cha mazingira, na fedha zikipungua ndicho hukatwa kwanza. Kwa mkulima wa Kiabonyoru hesabu si ngumu. Mstari wa nyasi za napia wenye upana wa mita moja ukikata mteremko mara tatu humnyang'anya sehemu ya mahindi, lakini humlisha ng'ombe, kwa hiyo hauhitaji kulipwa wote. Kuchimba matuta ni jambo jingine. Ni siku za jembe, hayaleti mavuno msimu wa kwanza, na anayefaidika zaidi yuko mjini. Mazungumzo ya bei yaanzie hapo, na yafanyike barazani pamoja na yale ya fidia, kabla tingatinga halijafika Bonyunyu.